Wafu Watembeao na Wapendanao chini ya Mlima Meru

Mtu apitaye jioni katika kata ya Elerai, upande wa magharibi wa jiji la Arusha, saa ambayo vifodi vinashusha watu waliotoka kazini mjini na mashamba ya kahawa yaliyosalia upande wa Burka yanaanza kuingia giza, hataona ajabu kumkuta kijana ameinamia simu yake akisoma simulizi anayoletewa kwa sehemu sehemu. Na akimwuliza habari za simulizi hiyo ataambiwa kwamba dunia imekwisha kwa maradhi, miji imebaki magofu, wafu wametoka walikolala na wanawinda walio hai, na katikati ya balaa hiyo pana kijana na binti wanaopendana, mmoja mzima na mwenziwe nusu maiti, na msomaji hana raha mpaka sehemu ya kumi na tisa ipatikane.

Wazee huliona jambo hili kuwa ni takataka ya ughaibuni iliyoingia nchini kwa njia ya simu, na vijana hulipenda kwa sababu ile ile inayowachukiza wazee, yaani wanalidhani kuwa ni jipya na la mbali. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimepitwa na habari. Maiti atembeaye, na mapenzi yanayomfuata mpaka huko aliko, na hadithi inayokatwa penye utamu ili msikilizaji arudi kesho, na hata dunia iliyokwisha ilhali watu wamesalia, yote hayo yalikwisha kukaa katika nchi hii kabla ya Mmarekani yeyote kuyatia katika jalada moja. Na hilo la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote, halikuwa hadithi hata kidogo, kwa kuwa lilitukia kweli katika mbuga zizungukazo mlima huu wa Meru, na vitukuu vya walionusurika ndio majirani zetu wa leo.

Habari za wageni ni fupi, basi na tuzimalize kwanza. Mfu wa Kimarekani asili yake ni Haiti, ambako watumwa waliotolewa Afrika, wengi wao kutoka pande za Kongo na Dahomey, walilimishwa miwa kwa mijeledi mpaka wakaja kuogopa jambo moja kupita mauti yenyewe, nalo ni kufa kisha kuamshwa na mchawi ili waendelee na kazi ile ile ya shambani. Majeshi ya Marekani yalipoikalia Haiti tangu 1915 hata 1934, habari hizo zilichukuliwa na wasafiri. William Seabrook akazieneza katika kitabu chake cha mwaka 1929, na mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie, ambayo msingi wake, na hili husahauliwa na wengi, ni mahaba: bwana mmoja mwenye shamba amemtamani mchumba wa mtu, na alipomkosa kwa hiari alimwendea mchawi ili afishwe na kufufuliwa, na alipompata kwa njia hiyo akaona amepata mwili uliokaa kitini ukimtazama bila ya kumwona. Kisha mwaka 1968 George Romero akayatupa yote hayo, mchawi na bwana na shamba, akaleta halaiki ya wafu wasio na majina wenye uchu wa nyama ya watu. Na tangu hapo mfu wa Marekani amekuwa umati, na dawa ya umati huo imekuwa bunduki. Hata ilipofika 2010 ndipo Isaac Marion, katika riwaya ya Warm Bodies iliyozaa filamu mwaka 2013 na vitabu vingine vilivyoandamana nayo, alipomrudishia mfu moyo wake, akampa jina la herufi moja tu, R, na mpenzi aitwaye Julie, na kila aliyepata kusikia habari za Romeo na Juliet akatambua mara moja amepelekwa wapi. (Mwalimu Nyerere, aliyetufasiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alichagua siasa na biashara, wapenzi hao wawili akawaacha kwa Shakespeare mwenyewe.)

Msukule wetu ni mtu wa namna nyingine. Itikadi yake imeenea bara na pwani, na kusini huitwa ndondocha, na ingawa kila kabila lina nyongeza zake, kiini chake ni kwamba huyo aliyeliliwa hakufa, amechukuliwa. Mchawi, ambaye aghalabu ni jirani au jamaa wa karibu, huyafunga macho ya watu wote, na kile kinachooshwa, kinachovikwa sanda, kinachosaliwa na kuteremshwa kaburini ni gogo la mgomba lililopewa sura ya marehemu, ilhali mwenyewe yu hai, amekatwa ulimi asiweze kusema, anafichwa darini au nyuma ya ghala, analishwa pumba, na usiku wa manane anatolewa akalime shamba la bwana wake mpaka jogoo wa kwanza. Ndugu zake wanapomaliza arobaini na kugawana nguo zake, yeye yuko mwendo wa saa moja kutoka hapo, ameshika jembe.

Itikadi hii, kama ninavyoielewa, si mzaliwa wa nchi ya Elerai. Wamaasai wa uwandani zamani hawakuwa na desturi ya kumzika kila mtu. Maiti wa kawaida alipelekwa porini akaachiwa fisi, na kaburi likawa ni heshima ya oloiboni, yaani mganga mtabiri, na ya mzee mwenye mali na kizazi, ambaye kila apitaye huongeza jiwe juu ya lundo lake. Palipokosekana kaburi hapana mfu wa kutoka kaburini, na palipo na fisi hapana gogo la mgomba la kuzikwa badala ya mtu. Msukule aliletwa na watu wa mjini, yaani askari na wapagazi na wafanyabiashara waliokusanyika kulizunguka boma la Wadachi lililojengwa mwaka 1900, na baada yao akaja na vibarua wa kila kabila walioajiriwa katika mashamba ya kahawa na mkonge. Nami siwezi kustaajabu kwamba habari za mtu anayelimishwa bila ujira, asiye na ulimi wa kulalamika, anayelishwa makapi na kuhesabiwa na jamaa zake kuwa amekwisha kupotea, zilipata masikio mema katika nchi ya mashamba makubwa, kama zilivyoyapata kule Haiti. Nao Waarusha na Wameru, ambao mgomba kwao ni chakula na pombe na kivuli cha nyumba, walipoambiwa kwamba mgomba huo huo huzikwa mahali pa mtu, hawakuhitaji maelezo marefu.

Na hapa ndipo ilipo tofauti ninayotaka msomaji aitie maanani. Mfu wa Romero hana kwao, ilhali msukule ana jina, ana mama anayemwota, ana deni dukani, ana mchumba. Hadithi ya msukule kwa hiyo huingia kwa mlango wa mapenzi tangu mwanzo, wala haihitaji ujanja wa mtunzi: binti amefariki siku chache kabla ya harusi, mchumba wake amekonda kwa huzuni, na usiku mmoja, akirudi safarini kwa njia ya mkato, anapita kando ya shamba ambalo kila mtu husema hulimwa na majini, anasikia majembe, anachungulia kati ya mahindi, na wa tatu katika safu, mwenye kitambaa kile kile alichozikwa nacho, ni yeye. Msomaji wa Kiswahili hamwoni kijana huyo akitafuta bunduki. Swali lake ni la namna nyingine kabisa, yaani atamrudishaje, kwa mganga gani, kwa dua gani, kwa hila gani ya kumpumbaza mchawi, na akisharudi, je, atamjua, atasema kwa ulimi gani, na mamaye atakubali kumfungulia mlango? Mahali ambapo riwaya ya Marion ilifika kwa kuzunguka miaka mingi ya risasi na damu, pa kwamba mfu anaweza kupendwa mpaka akarudi kuwa mtu, ndipo hadithi yetu ilipokuwa imeketi siku zote kama mwenye nyumba.

Nisieleweke kwamba naisifu itikadi yenyewe. Imani ya uchawi imewaua watu walio hai wengi kuliko wale waliodaiwa kuwa misukule, na vikongwe wengi wa pande za Shinyanga na Mwanza wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, ikakataza kuroga na kukataza pia kumsingizia mtu kwamba ameroga, na sheria hiyo tuliirithi pamoja na mambo mengine. Lakini sheria haijapata kuizuia hadithi. Ninalolisifu ni jambo moja tu, kwamba watunzi waliikuta itikadi katili wakachuma ndani yake swali la huruma.

Ufundi wa kuikata hadithi nao una nasaba yake. Mama yake ni Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, mwanamke aliyeolewa na mfalme aliyezoea kuua kila mke asubuhi ya pili, naye akaokoa shingo yake kwa kusimulia usiku na kunyamaza alfajiri penye utamu, mpaka mfalme akasahau kuua akajua kupenda. Basi mfululizo wa kwanza kabisa tuliofundishwa ulikuwa ni wa mauti na mapenzi kwa pamoja, na bei ya sehemu inayofuata ilikuwa roho ya msimuliaji. Hadithi hizo zilitiwa katika Kiswahili cha vitabu mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilipokuwa likiwazoesha walimu na makarani wa Tanganyika kungojea toleo la mwezi. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Unguja akatoa Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo mahali pa mizimu panakutwa maiti, lakini Bwana Msa, kwa kiko chake na akili yake, anaifukuza mizimu yote na kubaki na muuaji wa kawaida mwenye sababu za kawaida. Na Faraji Katalambulla, mwenye Simu ya Kifo ya 1965, akaja baadaye na gazeti la Film Tanzania, ambalo lilisimulia kwa picha za watu wenyewe wakiigiza, maneno yao yameandikwa kando ya vinywa vyao. Kizazi hicho kilimpenda mpelelezi kuliko mchawi, na si vigumu kufahamu kwa nini: nchi ilikuwa mpya, na kila fumbo lilidhaniwa kuwa na jibu.

Msukule alisubiri zamu yake. Ilipokuja ruhusa ya magazeti ya watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na meza za wauza magazeti zikajaa karatasi za udaku na za mapenzi, hadithi ya mfululizo ikawa ndiyo nanga ya mauzo, na Eric Shigongo akawa tajiri na mashuhuri kwa kujua mahali hasa pa kuandika neno «itaendelea». Wauguzi walikatiana kurasa wakazihifadhi, wapishi walifungia maandazi sehemu ambayo mtu alikuwa anaitafuta. Mussa Banzi naye, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, akawapeleka wafu na majini kwenye kanda za video kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta, hii ya pili ikiwa ni habari ya kiumbe wa kijini anayempenda binadamu. Na katika vibanda umiza, ambako watu walikaa juu ya mabenchi ya mbao wakibanana mbele ya televisheni moja katika joto la mabati, wafasiri waliofuata nyayo za marehemu Lufufu walizungumza juu ya sauti ya filamu za kigeni, wakiwapa wahusika wa Kizungu utani wa Kiswahili na laana za Kiswahili, hata mtoto wa Arusha akatoka nje akidhani mashujaa wale walizaliwa Kariakoo. Hizo simu za leo, zenye makundi ambamo mtunzi hutoa sehemu kumi za kwanza bure na kuuza zilizobaki kwa malipo ya mtandao wa simu, hazikubuni chochote isipokuwa njia ya kupokea ada.

Lakini mpaka hapa nimesema juu ya mfu mmoja mmoja, na simulizi ya kijana wa Elerai huanza na dunia nzima kwisha. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba mwisho wa dunia tunao katika dini, na washairi wa pwani wameutungia tenzi, ukiwamo Utenzi wa Kiyama, wenye parapanda na mizani na jua linalosogezwa juu ya vichwa. Ni kweli, ila Kiyama hakifai kwa kazi hii, kwa sababu siku hiyo, kama tulivyofundishwa chuoni, mtu atamkimbia nduguye na mamaye na babaye na mkewe na wanawe, kila mmoja na hisabu yake, na baada yake hakuna kesho ambayo mtunzi angeweza kuiandikia sehemu ya pili. Hadithi ya mapenzi baada ya dunia kwisha inataka mwisho wenye baada yake, na mwisho wa namna hiyo, tukiutafuta katika historia, tutaukuta pale pale tulipo.

Wamaasai wanauita Emutai, nao ulidumu takriban miaka ishirini, tangu 1883 hata mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ulianza kwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo iliwapunguza mifugo bila ya kuwavunja watu. Kisha ikaja sotoka. Maradhi hayo yaliingia Afrika kwa mlango wa Massawa, Bahari ya Shamu, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya majeshi ya Italia, yakashuka kusini kwa mwendo wa mifugo yenyewe, na ilipofika 1890 na 1891 yalikuwa katika mbuga za Umaasai, ambako husemwa kwamba katika ng'ombe kumi walikufa tisa. Nyati na twiga nao walianguka, kwa hiyo hata mwenye mkuki mwema hakuwa na cha kuwinda. Watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa walipata ndui mwaka 1892, na ndui haikuacha boma. Mbatiany, oloiboni mkubwa aliyezikwa chini ya Oldoinyo Orok, alifariki karibu na mwaka 1890, na inasimuliwa kwamba alikwisha kuwatabiria watu wake kwamba ng'ombe watakufa, kisha wao wenyewe, na wageni weupe watakuja; wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, waligombea kiti chake miaka ile ile ambayo hapakuwa na ng'ombe wa kutawalia, na vita vyao vikamaliza kile kilichosazwa na maradhi.

Mwezi wa Machi mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann wa Austria aliteremka katika bonde la Ngorongoro, na kitabu alichokichapisha mwaka 1894 kina ukurasa ambao mtunzi yeyote wa hadithi za wafu angeuonea wivu, kama asingejua kwamba ni wa kweli. Kuzunguka uzio wa miiba wa kambi yake walikusanyika wanawake waliobaki mifupa, macho yao yakiwaka wazimu wa njaa. Watoto wenye sura ya vyura kuliko ya watu. Wapiganaji, wale wale ambao misafara ya pwani ilikuwa ikiwalipa hongo kwa kutetemeka, wakitambaa kwa mikono na magoti. Na wazee waliokaa wakitazama bila ya kutazama. Walikula kila kitu: punda aliyekufa alikuwa karamu, na hawakuacha ngozi wala mifupa, wala hata pembe za ng'ombe. Aliwapa alichoweza, lakini kila siku walifika wengine wapya, na tai waliwafuata juu. Baumann alikadiria kwamba theluthi mbili za Wamaasai waliangamia. Hapo ndipo palipokuwa na wafu waliotembea katika nchi hii, na kila mmoja wao alikuwa na jina na rika na ukoo.

Walitembea kwenda wapi? Wengi walipanda kwenda milimani, kwa wakulima. Waarusha walikuwa wamekaa kwenye mitelemko ya kusini magharibi ya Meru tangu miaka ya 1830, walipotoka Arusha Chini. Walisema lugha ile ile ya Kimaasai, walikuwa na marika yale yale, na ng'ombe waliwapenda kama kila mtu, ila walikuwa na migomba na mahindi na maharage na mifereji ya maji, na mgomba hauugui sotoka. Wakimbizi wa uwandani, ambao desturi yao iliidharau kazi ya kuichimba ardhi, walifika wakaomba. Familia ziliwaacha watoto kwa wenye chakula, mabinti waliolewa na wakulima, vijana waliingizwa katika marika ya mlimani wakashika jembe, na jamii ya Waarusha ikaongezeka katika miaka ile ile ambayo jamaa zao wa chini walikuwa wakipungua.

Ndoa hizi ndizo hadithi yenyewe ya mapenzi baada ya dunia kwisha, nami sitaki kuzipaka asali. Ndoa ya Kimaasai husimama juu ya ng'ombe: posa huanza kwa zawadi, mahari huhesabiwa kwa mitamba na madume, na ndugu wa mke na ndugu wa mume hufungamana kwa wanyama wanaopita baina yao. Sasa wanyama wamekufa wote, na baba aliyekuwa akimkatalia mchumba kwa kuwa mahari ni haba anamfikisha binti yake mwenyewe kwenye mgomba wa mtu asiyemjua, ili binti ale, na pengine ili wadogo zake wale pia. Katika ndoa hizo zimo zilizokuwa rehani kuliko posa, na mifugo ilipoanza kurudi uwandani wako waliokuja kuwadai watoto wao na wake zao, wakawapata wengine, na wengine wakawakuta wana watoto wa migombani na hawataki kushuka. Mwanamke wa namna hiyo, aliyeolewa kijana akiwa na mchumba wake uwandani aliyedhaniwa kufa, na mchumba huyo siku moja akasimama mlangoni mwembamba kama fimbo, yu hai, haoni haya kwa makovu ya ndui usoni, huyo ndiye ningependa kumsoma katika sehemu arobaini, na ningelipa ada bila ya kunung'unika.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu walionusurika dunia moja walikutana na kwisha kwa nyingine. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku huko Akeri, upande wa Wameru, na Wadachi wakiongozwa na Kapteni Johannes wakalipiza kwa moto na mapanga, wakitwaa ng'ombe na kukata ile migomba iliyowaokoa watu wakati wa njaa; viongozi walinyongwa mwaka 1900, na boma likajengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Kisha zikaja hati za ardhi. Katika hadithi za Marekani walionusurika huingia mji mtupu, wakavunja mlango wa duka, wakaanza maisha. Mtupu ni wa yeyote aliyeukuta. Hapa waliokuta utupu walikuwa ni walowezi, walioziona mbuga zilizopoteza watu wake miaka michache tu nyuma wakazihesabu kuwa hazina mwenyewe, na mashamba yao yakauzunguka mlima kama mnyororo, hata Wameru na Waarusha walipoongezeka tena hawakuwa na pa kushukia. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuyasema hayo. Kwa mtunzi wa simulizi hilo ni jambo kubwa kuliko wafu mia: katika nchi iliyokwisha, anayedai kwamba hapakuwa na mtu ni nani, na anayerudi akasema «hapa ni kwetu» ataaminiwa na nani?

Mahaba ya Emutai hayatakosa pia adui, kwa kuwa yule wa zamani bado yupo kwa namna yake. Sotoka ilirudi kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya mwaka 1997, ikazimwa kwa chanjo, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetoweka duniani, maradhi ya pili katika historia kumalizwa na binadamu baada ya ndui, mwenzake wa 1892. Virusi vyao hata hivyo vinahifadhiwa katika maabara chache zenye ulinzi, ndani ya barafu, na wataalamu hubishana kama viteketezwe au vibakizwe. Mtunzi wa Elerai akitaka kuanza, sehemu yake ya kwanza imo humo, pamoja na mlinzi wa zamu ya usiku ambaye bibi yake mzaa bibi aliolewa mlimani kwa debe la mahindi.